Jinsi ya Kuoka na Kuuza Keki Ndogo kwa Ajili ya Utafiti wa Saratani

Habari zenu, karibuni jikoni. Keki tunazooka leo si za kula sisi. Zinauzwa, na pesa yake inakwenda kwenye utafiti wa saratani. Nasema hasa na vijana wenzangu mlio bado shuleni, maana hili tunaliweza bila kusubiri siku tutakayokuwa na mshahara.

Kabla ya kugusa unga, amua pesa itakwenda wapi. Wengi huliacha hili hadi mwisho. Mimi naliweka mbele kwa makusudi. Kumlipia mgonjwa matibabu ni jambo moja, kufadhili utafiti ni jingine. Yote ni mema, ila mnunuzi ana haki ya kujua anachangia lipi. Tafuta taasisi iliyosajiliwa inayofanya utafiti huo au kuufadhili, umwombe mzazi au mlezi aiandikie: je, inapokea michango ya namna hii, na inaruhusu jina lake liwekwe kwenye bango lako? Subiri jibu. Wakati huohuo omba ruhusa ya kuuza chakula kwa wenye eneo.

Haya, sasa tuoke. Nawa mikono kwa sabuni, funga nywele. Siagi iwe imetoka kwenye friji mapema ili ilainike. Pima siagi gramu 200, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 200, na uwe na mayai 4. Unga uchekeche pamoja na vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo sana. Utapata keki 18 hivi. Washa oveni nyuzi 180 za Selsiasi, ipate moto huku unachanganya.

Tazama bakuli hili. Siagi na sukari nazichapa pamoja mpaka umanjano upungue, zikaribie weupe na ziwe nyepesi. Usiharakishe hapa, kwa sababu hewa inayoingia sasa ndiyo itakayosaidia keki kuumuka. Mayai tia moja moja, ukichapa kila mara. Mchanganyiko ukianza kukatika, ongeza kijiko kimoja cha ule unga, utashikana tena. Unga uliobaki unaingia mwisho, ukiugeuza taratibu kwa mwiko. Ukishaona hakuna unga mkavu, acha. Ukizidi kukoroga, keki zinakuwa ngumu. Malizia kwa vijiko 2 vya chakula vya maziwa na vanila kidogo.

Jaza vikombe vya karatasi theluthi mbili tu. Oka dakika 18 hadi 20, na usifungue mlango mapema. Choma keki ya katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, zimeiva. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, la sivyo mvuke utageuka maji ndani ya boksi.

Kwa urembo, sukari laini ya unga na maji kidogo vinatosha. Usitumie urembo wenye ute mbichi wa yai. Huenda kwenye meza yako akaja mtu aliye kwenye kemotherapi, yaani tiba ya saratani kwa dawa kali, na tiba hiyo mara nyingi hushusha kinga ya mwili; kijidudu kinachokuumiza wewe tumbo siku moja, yeye kinaweza kumlaza hospitalini. Kwa hiyo keki zishikwe kwa koleo, na anayepokea pesa asizishike. Kwenye kadi andika wazi: ngano, mayai, maziwa. Karanga na jamii zake ziache kabisa.

Tukija mezani, kuna mtu atakuuliza utafiti unasaidia nini. Uwe na jibu la kweli. Mimi husimulia lukemia ya watoto, yaani saratani ya damu. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alichapisha matokeo ya dawa iitwayo aminopterini: baadhi ya watoto walipata nafuu, ingawa ya muda tu. Leo, palipo na matibabu kamili, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye aina ya lukemia inayowapata zaidi wanapona. Kati ya hapo na hapa kuna miaka ya majaribio, na majaribio yanagharamiwa. Akisema meza yako ni ndogo mno, mtajie Alexandra Scott wa Marekani, aliyekuwa mgonjwa wa saratani mwenyewe. Mwaka 2000, akiwa na miaka 4, aliweka meza ya kuuza maji ya limau. Alipofariki mwaka 2004, zaidi ya dola milioni 1 zilikuwa zimechangwa.

Jambo moja nalikataa katakata: kubandika picha au jina la mgonjwa unayemfahamu ili watu waone huruma. Bila idhini yake, au ya wazazi wake kama ni mtoto, usifanye.

Bango liseme pia kama vifaa vimetolewa bure na familia au kama gharama itarudishwa kwanza. Weka daftari: keki zilizouzwa, pesa iliyoingia, na michango ya waliotoa bila kuchukua keki. Jioni ileile hesabu pesa pamoja na mtu mzima, mtie saini wote wawili, zitumwe kwenye taasisi, na uombe stakabadhi. Nakala ya stakabadhi hiyo ibandike palepale ulipouzia, jumla na gharama zikiwa zimeandikwa chini yake.