Kipimamionzi Mkononi: Gama Inapolia na Nyutroni Inapolia

SOMOE: Karibuni, wasikilizaji wetu. Mimi ni Somoe, mwalimu wa fizikia hapa Mtwara, na niko na kaka yangu Selemani, ambaye kazi yake ni kukagua mizigo kwa kipimamionzi cha mkononi. Tumekaa Shangani na upepo wa bahari unavuma, kwa hiyo mkisikia dirisha likigonga mtuwie radhi. Kaka Selemani, umekuja nacho?

SELEMANI: Nimekuja nacho, Dada Somoe, ndicho hiki hapa mezani. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo kazi zao hazifanani. Cha kwanza ni fuwele ya ayodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu kidogo: mionzi ya gama, ambayo ni miale yenye nguvu isiyoonekana kwa macho, ikiigonga, fuwele hutoa mmweko hafifu mno wa mwanga, na mmweko huo hugeuzwa kuwa mpigo wa umeme unaohesabiwa. Cha pili ni mrija wa gesi ya heliamu-3 uliozungushiwa plastiki. Nyutroni, chembe inayotoka katika kiini cha atomu, haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupita bila kuacha alama. Lakini ikipunguzwa mwendo na haidrojeni iliyomo katika plastiki, heliamu-3 huidaka, na hapo hutoka chembe zenye chaji ambazo mrija unaweza kuzihisi.

SOMOE: Wanafunzi wangu wangeuliza papo hapo kwa nini viwekwe viwili, ilhali cha gama peke yake kinalia vizuri.

SELEMANI: Wangeuliza jambo la maana. Madini ya risasi huzuia gama barabara, lakini nyutroni hupenya humo kwa urahisi. Mtu akificha chanzo cha mionzi ndani ya risasi nene, upande wa gama unaweza kunyamaza kabisa huku nyutroni zikiendelea kutoka. Kinachozisumbua nyutroni ni maji, mafuta na plastiki. Tena vitu vinavyotoa nyutroni si vingi: plutoniamu, kaliforniamu-252, na mchanganyiko wa amerisiamu na berili. Huo mchanganyiko huteremshwa visimani kupima miamba katika uchimbaji wa mafuta na gesi duniani kote, na sisi wa kusini, wenye Mnazi Bay na Songo Songo, hatuna sababu ya kuuona kuwa ni habari ya nchi za mbali.

SOMOE: Basi tuanze pale mtu anapokiwasha, maana uliniambia njiani kwamba hapo ndipo ulipoharibu siku yako ya kwanza.

SELEMANI: Niliharibu kweli. Kifaa cha aina hii, kikiwashwa, hutumia muda mfupi kupima mionzi asilia ya mahali kilipo, kisha hujiwekea kiwango: lolote linalozidi hapo ni la kulia. Mimi nilikiwasha nikiwa nimeegemea shehena ya vigae vya sakafu. Vigae vina urani na thoriamu kidogo kutoka kwenye udongo wake na rangi yake, si vya kumdhuru mtu, lakini vinatosha kukidanganya kifaa. Kikaamini kwamba wingi ule ndio hali ya kawaida. Mkufunzi alikuwa ameficha kitufe cha sesiamu-137, metali inayotoa gama, kidogo kama kifungo cha shati, katikati ya magunia ya korosho, nami nikapita mbele ya gunia lile mara mbili bila kusikia hata mlio mmoja.

SOMOE: Naye hakusema kitu?

SELEMANI: Hakusema. Aliniambia nikizime, nitembee hadi uwanjani penye mchanga mtupu chini ya minazi, nikiwashe tena, nisubiri bila kukichezea. Kipimo cha asili kilishuka zaidi ya nusu. Niliporudi kwenye magunia, kikalia.

SOMOE: Kwa hiyo mara hii ulilipata gunia.

SELEMANI: Sikulipata, na hilo ndilo kosa la pili. Nilijua kwamba kitufe kipo, nikaanza kukipeperusha kifaa huku na huko kama mtu anayefukuza nzi. Dada Somoe, watu hudhani kwamba kifaa hiki kinaona. Hakioni, kinahesabu, na anayehesabu anahitaji muda. Ukipita mbio mbele ya chanzo dhaifu, unakipa nusu sekunde ya kuhesabu, na katika nusu sekunde hiyo mipigo ya chanzo haiachani na mipigo ya kawaida. Ukikipitisha polepole, sentimita 10 hivi kutoka kwenye gunia, hesabu inapanda mbele ya macho yako.

SOMOE: Hapo mwalimu aongeze neno. Kwa chanzo kidogo, ukipunguza umbali kwa nusu, mionzi inayokifikia kifaa inakuwa mara 4. Kusogea kutoka sentimita 20 hadi 10 ni faida kubwa kuliko kununua kifaa cha bei ghali zaidi.

SELEMANI: Na wenye vifaa vikubwa hufuata utaratibu huohuo. Januari 2023 huko Australia, kidonge cha sesiamu-137 chenye urefu wa milimita 8 na upana wa milimita 6 kilidondoka kutoka kwenye lori, katika safari ya kilomita 1,400. Tarehe 1 Februari, gari lenye vipimamionzi, likienda kilomita 70 kwa saa, lilihisi kitu kando ya barabara. Lakini gari halikuwaonyesha watafutaji kidonge, liliwaonyesha eneo. Watu walishuka na vifaa vya mkononi, wakakikuta takriban mita 2 kutoka ukingoni mwa barabara.

SOMOE: Mimi huwaza zaidi vijana wetu wa vyuma chakavu. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha hospitali iliyohama kilivunjwa na waokota vyuma, unga wake unaong'aa ukagawiwa ndugu na majirani, na watu 4 wakafariki. Sasa nieleze kuhusu mlio wa nyutroni.

SELEMANI: Gama ipo kila mahali: kwenye mchanga, kwenye ndizi, kwenye mbolea ya potasiamu, mwilini mwako. Nyutroni za asili ni chache mno. Namba hukaa sifuri, ikiruka moja kisha ikarudi. Karibu na ubavu wa meli kubwa huongezeka kidogo, kwa sababu miale kutoka angani ikigonga chuma kingi hutoa nyutroni, na bandarini ni lazima ulijue hilo. Kwa hiyo gama ikilia, ninauliza: kuna mzigo gani humu? Nyutroni ikilia na ikaendelea kulia, siulizi mzigo. Ninarudi nyuma, ninawaondoa watu, na taarifa inakwenda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ninarudi nyuma vilevile kama gama inafika mikrosiveti 100 kwa saa, yaani kipimo cha mionzi anayopata mtu, hata kama nyutroni ni sifuri, kwa kuwa hicho ndicho kiwango kinachotumiwa kimataifa kuwekea uzio.

SOMOE: Je, namba zikishuka badala ya kupanda?

SELEMANI: Hilo huwashangaza wengi. Lori zito la makaa ya mawe likisimama kando yako, lenyewe huziba mionzi ya ardhini, na kipimo hushuka. Kwa hiyo mzigo wenye chanzo dhaifu unaweza kukuonyesha namba ya kawaida, kumbe ilipaswa kuwa chini zaidi.

SOMOE: Muda unatuishia. Tupe kile kisa cha dereva.

SELEMANI: Lori lilikuja na saruji, kifaa kikalia. Nilizunguka bodi lote taratibu, hakuna kitu. Mlio ulikuwa mbele, kwenye kabini. Nyutroni sifuri. Nikamwamkia mzee, shikamoo, nikamwomba ashuke tusogee pembeni, mbali na makuli, kwa sababu nililotaka kumuuliza si la kuulizwa mbele za watu. Aliposogea, mlio ulisogea naye. Nikashika kifaa kimetulia dakika mbili ili kitambue aina ya mionzi, kikaonyesha iodini-131, iodini yenye mionzi, kwa kilele chake cha nishati cha keV 364. Mzee akafungua mkoba, akatoa karatasi ya hospitali: alikuwa ametibiwa tezi ya shingo kwa iodini hiyo siku chache nyuma, nayo hupungua nusu kila siku 8.

SOMOE: Alikasirika?

SELEMANI: Aliuliza tu kama ni kweli kwamba hapaswi kuwapakata wajukuu. Nikamwambia afuate siku zilizoandikwa na daktari kwenye ile karatasi. Akaikunja upya, akapanda, akaelekea Newala.