Pumzi Inapokatika Usingizini: Kinachotokea Tukiliacha Tatizo Bila Tiba

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Mada hii kila mahali huanza na utani. Mtu akikoroma, wenzake humcheka asubuhi, na yeye hucheka nao kwa kuwa hakusikia kitu. Leo naomba tuuache mkoromo, tusikilize kinachoufuata, yaani kimya. Mtu anakoroma, anakoroma, mara kimya. Aliyelala pembeni anashukuru, anadhani mwenzake ametulia. Kumbe hapo ndipo pumzi imekatika.

Tulipitie tukio moja polepole. Usingizi ukikolea, misuli ya mwili hulegea, ya koo ikiwemo. Mwenye njia nyembamba ya hewa, iwe kwa mafuta ya shingoni, taya dogo lililorudi nyuma, au mafindofindo makubwa, ulimi wake huanguka nyuma na koo hujifunga. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu, ambayo kwa kawaida huwa asilimia 95 au zaidi, inaanza kushuka. Kwa mwenye hali kali inaweza kufika 70, hata chini ya hapo. Ubongo unashtuka. Adrenalini inamwagika, mishipa inabana, presha inaruka. Mgonjwa anagutuka kidogo tu, koo linafunguka kwa mkoromo wa mtu aliyekuwa anakabwa, kisha analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Tukio huhesabiwa pumzi ikikatika, au ikipungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio yakiwa chini ya 5 kwa saa, mtu mzima hana neno. Yakifika 30 kwa saa, hali ni kali. Pigeni hesabu: 30 kwa saa, kwa usiku wa saa 7, ni mara 210. Na huyo ndiye atakayekwambia amelala fofofo.

Sasa madhara. Nitakaa zaidi kwenye moyo, maana huko ndiko ugonjwa huu unakotafuna kimyakimya.

Usiku presha ya mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, mishipa ikapumzika. Kwa mgonjwa wetu mapumziko hayo hayapo, na baada ya muda presha ya usiku huhamia mchana. Mtu akiniambia anameza dawa tatu za presha, mojawapo ya kupunguza maji mwilini, na bado haishuki, swali langu linalofuata ni analalaje. Tatizo hili limejaa miongoni mwa watu wa namna hiyo, na mara nyingi wameongezewa dawa ya nne kabla ya mtu yeyote kuwauliza kuhusu usingizi.

Kisha kuna nguvu ya kuvuta. Kifua kikivuta hewa huku koo limefungwa, vyumba vya moyo navyo hutanuliwa. Vikitanuliwa hivyo kwa miaka, mapigo hupoteza mpangilio, damu huganda ndani ya moyo, na bonge likipanda kichwani tunapata kiharusi. Moyo uliotanuka pia hudhani mwili umejaa maji, hutoa homoni ya kuyapunguza, na figo hutii. Ndiyo maana mgonjwa huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Wanaume wengi huhangaika na tezi dume kumbe kilichowaamsha ni koo. (Naona baadhi yenu mnatazamana.)

Huko Wisconsin, Marekani, watafiti walianza mwaka 1988 kupima usingizi wa watu wa kawaida, si wagonjwa wa hospitali. Matokeo ya miaka 18 yalitoka mwaka 2008: waliokuwa na hali kali walikuwa na hatari ya kufa takribani mara 3 ya wale wasio na tatizo.

Kisukari, kusahausahau na sonona navyo huandamana na ugonjwa huu. Sitavichambua leo, ila sonona muiangalie hasa kwa wanawake. Wao, na zaidi baada ya ukomo wa hedhi, huja wakilalamika uchovu na kukosa usingizi, mkoromo hautajwi, nao huondoka na vidonge vya usingizi. Baadhi ya vidonge hivyo, kama ilivyo pombe, huweza kulilegeza koo zaidi.

Madhara mengine humpata asiyehusika. Tarehe 1 Desemba 2013, treni ya abiria iliacha reli mtaa wa Bronx, New York. Ilikuwa na kasi ya kilomita 132 kwa saa kwenye kona ambayo mwisho wake ni kilomita 48 kwa saa. Watu 4 walikufa. Wachunguzi walibaini dereva alisinzia. Alikuwa na ugonjwa huu katika hali kali na hakuwa amewahi kupimwa.

Tiba ipo. Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, CPAP, ilibuniwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1981. Hewa inalizuia koo lisijifunge, basi. Lakini nisiwauzie miujiza. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 ulihusisha watu waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo, na mashine haikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Usingizi wa mchana ulipungua, maisha yakawa mepesi, ila moyo haukuonekana kunusurika. Wastani wa matumizi ulikuwa kama saa 3 na kidogo kwa usiku. Kwangu mimi funzo ni mawili: mashine iliyovuliwa saa nane usiku haimlindi mtu alfajiri, na kusubiri hadi moyo uharibike ndipo utibiwe usingizi ni kuchelewa. Wapo wanaosoma matokeo hayo tofauti na mimi, na wana hoja.

Barakoa ikikushinda, zungumza na daktari kabla ya kuitupa kabatini. Kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, kuna kupunguza uzito, kuna kulala ubavu. Kwa watoto, mara nyingi kuondoa mafindofindo hutosha.

Mgonjwa hawezi kujiona amelala, hivyo kazi ya kwanza ni ya wa pembeni. Mrekodi kwa simu dakika chache, mkoromo na kimya chake, umpelekee daktari. Vipimo vya usiku siku hizi hufanyika hata nyumbani.

Na kama unakwenda kufanyiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa nusukaputi kuwa pumzi hukukatika usingizini, hata kama hujapimwa bado. Dawa zake, na zile kali za maumivu utakazopewa baadaye, hulegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Mwenye mashine aende nayo hospitali.

Karibuni kwa maswali.