Kidbrooke haikushindwa, ilipunguziwa wanafunzi kabla haijaanza

Haya jamani tukae, nina nusu saa tu na mnanijua, nikifika Kidbrooke, ile shule ya hapa London, nusu saa haitoshi.

Wazazi wengi humu mna watoto wa miaka tisa, kumi, na swali ni lile lile kila nikikutana na nyie: mwalimu, nimpeleke tuisheni afanye mtihani wa grama, zile shule za serikali zinazochagua watoto wa miaka 11 kwa mtihani, au aende tu shule ya mtaani? Halafu lazima mtu aongezee, si walishajaribu hizi komprehensivi za kuchanganya watoto wote wakashindwa? Hapo ndo nachoka. Nani alijaribu? Lini?

Kidbrooke, hapa hapa kusini mashariki mwa London, ilifunguliwa Septemba 1954. Ndo komprehensivi ya kwanza London kujengwa kuanzia msingi kwa kazi hiyo, shule ya wasichana, karibu 2,000. Mpango wa London County Council, halmashauri ya jiji wakati ule, ulikuwa kwamba wasichana wa maeneo yale wasome pamoja, aliyefaulu mtihani wa miaka 11 na ambaye hakufaulu, na ili hilo liwezekane shule ya grama ya wasichana ya Eltham Hill ilikuwa ifungwe, wanafunzi wake wahamie Kidbrooke. Watu wa Eltham Hill wakapinga. Mwaka ule ule, shule haijafunguliwa bado, waziri wa elimu wa serikali ya Churchill, Florence Horsbrugh, akasema Eltham Hill haifungwi.

Mnaelewa alichofanya? Majengo yapo, walimu wapo, mwalimu mkuu Mary Green yupo tayari, na wasichana ambao shule iliwategemea wamezuiwa wasije. Ni ligi ambayo timu moja inachagua wachezaji kwanza, msimu ukiisha mnalinganisha pointi mnasema ile nyingine mbovu. Na sisemi waliobaki hawakuwa na akili, nisieleweke vibaya, nasema huwezi kuita kitu cha wote halafu ukachomoa baadhi mlangoni.

Najua kuna mtu anasema moyoni, lakini grama zilimtoa mtoto wa maskini. Zilimtoa, ndiyo. Kwa nchi nzima waliokwenda grama walikuwa kama mtoto mmoja kati ya watano hivi, na haikuwa akili peke yake, ilitegemea unakoishi kuna nafasi ngapi. Halafu wasichana, hili linaniuma kuliko yote, sehemu nyingi waliwekewa alama ya kufaulu ya juu kuliko wavulana, kisa walikuwa wanawashinda, wangeachwa wangejaza nafasi! Mtoto wa miaka 11 amepata maksi zaidi ya kaka yake, kaka anaenda grama, yeye anaenda shule ya modern, ile ya waliokosa grama, na huko wengi walitoka wana miaka 15 bila cheti chochote. Huyo nani anamhadithia? Tunamsikia yule aliyepanda tu.

Muda umekwenda, basi haraka haraka. 1965 waziri wa elimu wa Labour, Crosland, akatoa waraka wa serikali namba 10/65, akaziomba halmashauri ziende komprehensivi, akaziomba tu, hakuzilazimisha, ndo maana wengine walivuta miguu mpaka leo England ina grama 163. Thatcher wa Conservative, kabla hajawa waziri mkuu, alipokuwa waziri wa elimu alipitisha komprehensivi nyingi mno, watu hawaamini nikiwaambia.  Jina la Kidbrooke lenyewe limeshaondoka, 2011 ikaitwa Corelli College, 2018 ikawa Halley Academy.

Na Bexley, wilaya jirani kabisa na Greenwich ambako Kidbrooke ipo, zipo grama nne, kwa hiyo asubuhi unaweza kuona watoto wanavuka mpaka kwa basi, yale yale ya Eltham Hill, miaka sabini imepita.

Naona mkono kule nyuma. Mama, uliza, na kama ni la tuisheni nitakujibu kwa kirefu.