Tone la dizeli, moto na moshi wa Mlima Nyoka

LUSAJO: Karibuni tena. Tuko Mbeya, na baridi ya leo nimekaa na koti humu ndani. Mwalimu Atupele, ugonile!

ATUPELE: Ndaga fijo, fundi.

LUSAJO: Kuna dereva wa malori ya Tunduma katuuliza. Akipanda Mlima Nyoka gari linatoa moshi mweusi, akiwa Dar halitoi. Wenzake wanamwambia ni hewa nyepesi ya huku.

ATUPELE: Hawajamdanganya. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 82 ya ule wa pwani. Oksijeni inapungua, na mafuta yasipoungua vizuri yanatoka moshi mweusi. Ila turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ikiwa nzima inafidia sehemu kubwa.

LUSAJO: Mimi nikiona moshi mweusi, nozeli, kile kidude kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda, naitilia shaka mapema sana.

ATUPELE: Na una sababu. Dizeli haiwaki ikiwa bado kimiminika, kinachowaka ni mvuke wake. Tone linarushwa kwenye hewa iliyobanwa na pistoni mpaka ikapita nyuzi 500, na lina milisekunde chache tu za kugeuka mvuke.

LUSAJO: Chache! Hata kope haijafumba.

ATUPELE: Bado kabisa. Sasa, muda wa tone kuisha unakwenda na mraba wa kipenyo chake. Sheria hiyo inajulikana tangu miaka ya 1950. Tone la mikromita 40, yaani elfu arobaini za milimita moja iliyogawanywa mara milioni, linachukua mara nne ya tone la mikromita 20. La 60, mara tisa.

LUSAJO: Hilo mimi naliona kwa macho. Nafunga nozeli kwenye mashine ya kupimia, napiga mkono wa pampu. Iliyo nzima inakoroma, krrr, inatoa ukungu mwembamba. Mbovu inarusha uzi wa mafuta, halafu ncha inabaki imelowa, tone linaning'inia. Na vijana wa gereji mnisikie: usikinge kidole pale. Yale mafuta yanapenya ngozi, na hapo ni hospitali moja kwa moja hata kama huoni kidonda.

ATUPELE: Sawasawa.

LUSAJO: Haya, joto linalifikiaje tone?

ATUPELE: Kwa hewa ya moto inayoligusa, na kwa mionzi ya moto wenyewe. Moto wa dizeli umejaa chembe za masizi zinazong'aa, ndiyo ile njano unayoiona. Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba kitu cha moto kinanururisha kwa kipeo cha nne cha jotoridi yake. Ukiipima kwa kelvini, ikiongezeka mara mbili mionzi inaongezeka mara 16.

LUSAJO: Kwa hiyo mionzi inaunguza ngozi ya tone?

ATUPELE: Hapana, na hapa ndipo panaponifurahisha. Tia dizeli safi kwenye glasi, uinyanyue dirishani: mwanga unapita. Lakini mionzi ya infraredi, ile ya joto tusiyoiona kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa kama mikromita 3.4 inanaswa, kwa sababu vifungo vya kaboni na haidrojeni vinatikisika nayo. Mingine inapenya. Tone dogo kwa hiyo linapata joto hadi katikati.

LUSAJO: Siyo kiazi cha kuchoma, nje mkaa ndani kibichi.

ATUPELE: Siyo. Sasa angalia hesabu. Joto la hewa linaingia kwa kadiri ya kipenyo. Mionzi, tone likiwa dogo na linapitisha mwanga, inanaswa kwa kadiri ya ujazo. Kipenyo kikiwa mara mbili, hewa inaleta joto mara mbili, mionzi mara nane.

LUSAJO: Basi nozeli mbovu inaokolewa na mionzi!

ATUPELE: Ungependa iwe hivyo. Matone makubwa yanafaidika zaidi, lakini tone la mara mbili lina mafuta mara nane ya kugeuza mvuke. Mionzi haifuti uzembe wa nozeli. Tena inachelewa: mng'ao wa masizi unakuja baada ya moto kuwaka, wakati matone ya kwanza yamekwishategemea hewa peke yake. Na tone lenyewe likianza kupata moto linavimba kidogo kabla ya kuanza kupungua.

LUSAJO: Linavimba?

ATUPELE: Kimiminika kikipata joto kinatanuka. Sergei Sazhin wa Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza, na wenzake wamefanya kazi nyingi juu ya haya. Badala ya kufuatilia kila mwale ndani ya tone, walipata fomula fupi ya mionzi inayonaswa kulingana na ukubwa wa tone, inayoweza kuingizwa kwenye programu za injini.

LUSAJO: Dereva wetu hana programu. Aanze na chujio la hewa, ni rahisi na barabara zina vumbi. Likiwa safi na moshi upo, aje na nozeli zote, asilete moja.

ATUPELE: Kwa nini zote?

LUSAJO: Ukibadilisha moja, silinda moja inapata ukungu na nyingine zinaendelea kupata uzi. Injini inatetemeka, na anarudi kunigombeza mimi.