Betri Kuukuu na Kile Kisichookolewa

Ndugu wasikilizaji,

Tunapotaja kuchakata upya, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye kile kilichookolewa. Leo naomba tukitazame kile kinachobaki, kwa kutumia mfano wa betri ya gari. Madini ya risasi yaliyomo ndani yake huweza kuyeyushwa na kutumiwa tena na tena bila kupungua ubora, na zaidi ya nusu ya risasi inayozalishwa duniani hutokana na vyuma chakavu, wala si migodini. Kwa hesabu hiyo, haya ni mafanikio makubwa.

Hata hivyo, sehemu ya risasi hiyo imo katika uji mzito wa salfeti na oksidi, yaani risasi iliyoungana na salfa na oksijeni, uliopakwa kwenye vibamba vya ndani ya betri. Risasi tupu huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, ilhali uji huo hautoi madini mpaka uchomwe pamoja na makaa katika joto kali zaidi, na ndipo hutoka moshi wenye vumbi la sumu. Kiwanda chenye vichujio hulinasa vumbi hilo na kulirudisha tanurini. Kisicho navyo huwaachia majirani. Waumiao zaidi ni watoto, kwa kuwa miili yao hufyonza risasi zaidi kuliko ya watu wazima, na hadi sasa hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Ndivyo ilivyokuwa katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kandokando ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, alianza kuwapigania wakazi baada ya mwanawe kugunduliwa kuwa na sumu hiyo mwilini. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu.

Mahakama iliagiza pia mazingira yasafishwe, na hapa ndipo ninapotaka tutulie. Risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Iliyoanguka ardhini haina budi kuchimbwa pamoja na udongo wake, au kufukiwa isiguswe. Kazi hiyo ni sehemu ya uchakataji uleule, iliyoachwa nje ya bei ya betri, na mpaka leo sioni kwa nini tuliita kazi ya tanuri imekamilika kabla haijafanywa.