Tao Kabla Halijawa Tao

Nimelisema hili mara nyingi, na waliokwisha kulisikia wanivumilie: tao la daraja, nusu zake mbili zikishaungana, halina shida. Treni ikipita, uzito unashuka hadi kwenye kuta za korongo, na mwamba unaupokea. Shida ni zile nusu mbili kabla hazijakutana. Kila moja inaning'inia hewani, haina pa kuegemea.

Chukueni daraja la Maporomoko ya Victoria, la mwaka 1905, mita 128 juu ya mto Zambezi. Kuna atakayeuliza kwa nini hawakusimamisha jukwaa la kulishikilia tao kutoka chini. Jukwaa la mita mia na ushei, ndani ya maji yale? Aende akalisimamishe yeye! Walijenga kutoka pande zote mbili, kipande kwa kipande, kila nusu ikizuiwa na nyaya za chuma zilizotiwa nanga mwambani. Reli ilikuwa imefika upande wa kusini tu, kwa hiyo vyuma vya kaskazini vilivushwa kwa waya uliotandazwa juu ya korongo.

Sasa njooni katikati, ndipo penyewe. Kwa kila digrii moja ya joto, mita moja ya chuma hurefuka kwa sehemu 12 kati ya elfu moja za milimita. Tao lile lina mita 156 hivi. Joto likipanda digrii 20, hiyo ni milimita 37, na tundu la ribiti, ule msumari wa kuungia vyuma, halina nafasi hiyo. Mwisho wa Machi nusu zilipokaribiana, zilikuwa ndefu kupita nafasi iliyobaki, kwa milimita 30 hivi. Wakasubiri usiku chuma kipoe, asubuhi ya Aprili 1 zikaingiana. Msiniambie ni bahati: daraja lilikwisha kuunganishwa kiwandani Darlington, Uingereza, kabla ya kusafirishwa. Na kwa sababu ya joto hilo, vipimo vya kufungia huchukuliwa alfajiri. Jua likishapiga upande mmoja, tao linajipinda, na mpimaji anapima jua, hapimi chuma.

Na wanaopiga hesabu ya tao lililokamilika peke yake? Wanakosea. Wakati wa kujenga, vyuma vya juu vinavutwa. Likifunga, vingine vinaanza kubanwa. Chuma chembamba kilichotosha kuvutwa kinaweza kupinda kikibanwa.

Upepo na breki za treni tuviache, muda umekwisha. Ila tao likishafunga, nyaya zile za nanga zilegezwe kidogo kidogo, pande zote mbili kwa pamoja, huku kilele cha tao kikipimwa kila hatua.