Bima ya Gari na Mbavu za Dereva

Ndugu zangu, karibuni. Leo tuyaache ya bampa na taa, hayo yana mafundi wake. Tuzungumzie mifupa: ajali ikitokea, nani analipia matibabu?

Wengi huamini kwamba aliyekata bima kubwa amejikinga na kila kitu. Sivyo. Bima kubwa hulinda gari lako, pamoja na dhima yako kwa wengine, yaani fidia unayowajibika kuwalipa ukiwaumiza au kuwaharibia mali. Wewe uliyeshika usukani mara nyingi hulindwi, au unalindwa kwa kiasi kidogo tu, katika kifungu cha ajali binafsi ambacho hakuna anayekisoma.

Tuseme dereva amesinzia, akaparamia mti. Abiria kavunjika mguu, dereva kavunjika mbavu. Katika nchi nyingi abiria anaweza kudai fidia kwenye bima ya dereva huyo huyo, kwa kuwa ndiye mwenye kosa. Na dereva? Hawezi kudai fidia kwa kosa lake mwenyewe, hata kama ada ya bima amelipa yeye miaka yote. Kimbilio lake ni hicho kifungu cha ajali binafsi, au bima yake ya afya.

Ndivyo bima hii ilivyoanza: ilimlenga aliyegongwa. Massachusetts, jimbo la Marekani, iliifanya ya lazima mwaka 1927, Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1930. Hata abiria hakukumbukwa upesi. Uingereza, aliyepewa lifti bila nauli hakulazimika kukatiwa bima hadi ilipotungwa sheria nyingine mwaka 1971. New Zealand walishika njia yao. Tangu 1974 majeruhi hulipwa na mfuko wa umma bila kuulizwa nani kakosa, ila kwa kawaida hawezi tena kumshtaki mkosaji adai fidia ya majeraha hayo. Mimi naupenda utaratibu huo. Mawakili mliomo humu, msininunie.

Kisha tazameni kikomo cha fidia. Mara nyingi viko viwili: cha mtu mmoja na cha ajali nzima. Wakiumia wanne, wote wanagawana hicho cha ajali nzima, na kisipotosha, linalobaki linaweza kumwangukia mkosaji mwenyewe.

La kutazama zaidi ni karatasi ya kumaliza madai. Kampuni inakupa hundi mapema, wewe una shida ya pesa, unasaini. Maumivu ya shingo yana tabia ya kuchelewa. Leo unatembea vizuri, kesho kutwa huwezi kugeuza kichwa. Ukishasaini, mara nyingi huna pa kurudi. Kwa hiyo nenda kwa daktari siku ile ile, hata ukijiona mzima, ili cheti kiwe na tarehe ya ajali. Toa taarifa kwa bima yako ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Na usisaini chochote kabla daktari hajasema hali yako imetulia.

Waliokuja na hati zao, fungueni tukitafute kile kifungu cha ajali binafsi.